Gari la Nyumba Mbili

Kutoka Tabora nilikuja na mashati mawili, leseni ya udereva niliyoifunga ndani ya mfuko wa nailoni, na jina la kijiji ambacho sikuwa nimepata kukisikia. Treni ilichelewa kuondoka, ikachelewa tena kila mahali ilipoweza kuchelewa, na katika behewa la daraja la tatu tulibanana na magunia ya karanga na madumu ya asali hadi mtu akitaka kujikuna alilazimika kumwomba jirani yake nafasi. Morogoro niliteremka miguu imevimba. Nikapanda basi hadi Chalinze, nikangoja sana Chalinze, nikapata basi lililokuwa likienda Tanga, na jua likiwa limeanza kuinama nikashushwa Mkata, mahali pa vibanda vichache na lori moja lililokuwa likipakia chumvi na sabuni za kupeleka Handeni. Nililiparamia. Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu, na kila lori lilipoingia shimo, mtu aliyekaa juu ya chumvi karibu yangu alisema, "Karibu Handeni," kama vile lile shimo ndilo lango.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa Kahama, nimekaa Mwanza, nimeendesha lori la mtu mpaka akaliuza. Mimi ni mtu ambaye miguu humwasha. Tangu wakati ule nimeishi Songea, Mtwara na Bukoba, na hata hapa nilipo leo, nikiwa nimevuka arobaini, mke wangu hanunui kabati kubwa kwa sababu anajua tutahama. Lakini kati ya sehemu zote nilizopita, Misima na Korogwe ndizo ninazozirudia kichwani.

Aliyenielekeza huko alikuwa dereva mwenzangu wa Tabora, mtu wa Handeni kwa kuzaliwa.

"Mjomba wangu anataka kununua gari," aliniambia, "na anatafuta dereva asiyekuwa Mzigua wala Msambaa, asiye na shangazi Handeni wala shemeji Korogwe."

"Kwa nini?"

"Utamuuliza mwenyewe."

Mwenyewe nilimkuta Misima asubuhi iliyofuata, amekaa kwenye kiti cha kamba mbele ya nyumba yake, mtu mrefu mwenye ndevu fupi nyeupe na fimbo mbili, moja kila upande. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za Tabora, za treni, za mvua, za wazazi wangu, na alipomaliza zote ndipo akaniuliza kama nina ndugu yeyote kuanzia Mto Pangani hadi Handeni. Nikasema sina hata mmoja. Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi," akasema. Hakuna mahali pengine duniani nilipopokelewa vizuri kwa sababu ya kutokuwa na ndugu.

Mzee alikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ni hiyo ya Misima, kwa mke mkubwa, aliyemwoa wote wakiwa vijana, mwanamke mwenye shamba la mahindi, michungwa, na ng'ombe wachache waliokuwa wakichungwa na jirani Mmasai huko mbugani. Ya pili ilikuwa Kilole, mjini Korogwe, kwa mke mdogo, mwanamke aliyeteremka kutoka milima ya Lutindi baada ya kuachika, mtoto mgongoni, akaanza kuuza maandazi na baadaye nguo za mitumba sokoni. Zamu yao ilikuwa wiki kwa wiki. Walikubaliana hivyo wote watatu. Kila Ijumaa, baada ya sala, mzee alihama, na kwa miaka mingi hakuna aliyewahi kusema kwamba amepunjwa. Ujanani alikuwa mpima pamba wa chama cha ushirika, na watu walimheshimu kwa sababu mizani yake haikuwa na kidole cha mtu.

Alianza kuhama kwa baiskeli. Alipozeeka akahama kwa basi. Kisha nyonga zikakataa. Basi la njia ile lilikuwa na ngazi ya juu, na safari yake ya mwisho utingo alimbeba kwapani akamtupia ndani kama gunia, abiria wakacheka. Mzee alifika Misima akasema hapandi tena. Lakini kutopanda kulikuwa na maana moja tu: mke wa Kilole abaki bila mume, kwa sababu tu miguu iligomea Misima. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

"Mtu mwenye wake wawili akiegemea mmoja," aliniambia siku ile ya kwanza, "siku ya kufufuliwa anafufuka upande mmoja umepinda. Mimi nyonga zimeshapinda hapa hapa. Sitaki za kule nazo zipinde."

Ndiyo maana alitaka gari. Na ndiyo maana alitaka dereva mgeni: dereva wa Misima angekuwa mtu wa mke mkubwa, wa Korogwe angekuwa mtu wa mke mdogo, na siku moja moja gari lingepata hitilafu iliyotungwa kitandani.

Miaka ile magari yalikuwa yameanza kuwa kitu cha kuzungumzika. Zamani mtu aliomba kibali, akangoja, akasahau kwamba aliomba. Mzee mwenyewe aliwahi kuomba pikapu kupitia ushirika, akangoja hadi ushirika wenyewe ukafa. Sasa ruhusa ilikuwa imetolewa, na bandarini yalikuwa yakishuka magari yaliyotumika Ujapani, watu wakiyaita mitumba kama walivyoziita suruali. Kila mama alikuwa ametoa sehemu sawa na ya mwenzake, mmoja kwa kuuza ng'ombe, mwingine kwa kuuza nguo, na mzee akaongeza mahindi na machungwa. Zote zikijumlishwa zilitosha gari dogo jipya la dukani, au kubwa lililotumika. Swali likawa hilo.

Mama wa Kilole alipanda basi akaja Misima kwa ajili ya kikao. Tulikaa ukumbini, mimi karibu na mlango.

"Mimi nataka jipya," mzee alisema. "Baiskeli yangu ilikuwa ya karani wa mkonge. Koti langu lilikuwa la Mzungu nisiyemjua, pengine amekufa. Hata miwani hii ni ya marehemu kaka yangu, ndiyo maana naona mambo kama alivyokuwa akiyaona yeye. Na mimi niwe wa kwanza kukalia kitu."

"Sawa kabisa," akasema mama mkubwa. "Hapa Misima fundi anajua baiskeli na majembe. Gari la mtumba likifa hapa, kuku watahamia."

Mama mdogo alikuwa akimenya chungwa. "Dada, mitumba ni kazi yangu. Ukifungua belo, mna daraja la kwanza na mna matambara. Kazi ni jicho."

"Shati halizimi njiani," mzee akasema.

"Na mimi je?" Mama mdogo aliweka kisu chini. "Mimi nilikuja kwako nimeshatumika, na mtoto juu. Nimekuzimikia njiani siku gani?"

Mama mkubwa alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. Mzee akajaribu kukunja uso, ukamkatalia.

"Wewe ulikuwa daraja la kwanza," akasema.

"Basi ndilo ninalolisema."

Hawakuafikiana. Wakaamua twende Dar es Salaam, mimi na mzee, tukaone yote mawili kwa macho, na mzee ataamua. Tukapanda kabini ya lori la mwenye duka mmoja wa Misima, mzee katikati, nikimshikilia kila mahali penye shimo, yaani safari nzima.

Kwenye duka la magari mapya walitukaribisha vizuri. Gari ambalo uwezo wetu ulilifikia lilikuwa pikapu nyeupe, viti vyake bado vimefunikwa nailoni. Mzee alivua makobazi kabla ya kuingia. Alikaa mikono juu ya magoti, akavuta pumzi kwa pua, taratibu, kama mtu anayenusa wali wa sikukuu kutoka nyumba ya jirani. Kijana wa mauzo alitaka kuondoa nailoni ili aone kitambaa. "Iache," mzee akasema haraka. "Iache hivyo hivyo."

Kisha akageuka kutazama nyuma, akaona kioo, na nyuma ya kioo bodi tupu.

"Watu wa nyuma wanakaa wapi?"

"Nyuma ni mizigo, mzee wangu. Mbele watu wawili, wakijibana watatu."

Mzee alihesabu. Dereva mmoja. Yeye wa pili. Kukiwa na msiba au harusi, na misiba haikukosekana, angebaki mke mmoja wa kujibana na mke mmoja wa kupanda kule.

"Na kati ya wake zangu," akamuuliza kijana, bila hasira, "mzigo ni yupi?"

Mzee alikaa mle muda mrefu kidogo kuliko ilivyofaa, halafu akaomba fimbo zake. Nje, akivaa makobazi, alisema, "Linanukia vizuri," na hakulizungumzia tena.

Kule kwenye yadi ya mitumba magari yalipangwa juani kama ng'ombe mnadani, na madalali walikuwa wengi kuliko magari. Mimi ndiye niliyekuwa na ujuzi, au nilidhani. Niliomba funguo, nikasikiliza injini, nikafungua mfuniko wa rejeta, nikapiga goti nikatafuta oili inayovuja. Nilipata stesheni wagoni moja ya buluu iliyonifurahisha. Iliwaka mara moja, ikatulia kama mtoto aliyeshiba.

Mzee hakuitazama injini. Alifungua mlango wa nyuma, akakaa kushoto, akajitikisa. Akajisogeza kulia kwa shida, akajitikisa. Akarudi kushoto.

"Hiki cha kulia kimezama," akasema.

Dalali akaingiza mkono, akabonyeza. "Springi moja tu hiyo, mzee! Fundi wa viti anaitengeneza leo leo, na inakuwa bora kuliko mwanzo."

"Ndiyo tatizo. Itakuwa bora. Mmoja atakaa kwenye kipya, mwingine kwenye cha zamani."

"Mwachie dereva wako achague. Gari linanunuliwa kwa mbele, mzee, halinunuliwi kwa nyuma!"

"Mbele anakaa yeye," mzee akasema, akininyooshea fimbo. "Mimi nawanunulia wanaokaa nyuma."

Nikamvuta pembeni. Nikamwambia, tafadhali mzee, hili la buluu litatufikisha. Akaniuliza kama mimi nina mke. Nikasema sina. Akasema, "Basi sikiliza injini, mwanangu, viti niachie mimi."

Tulizunguka yadi ile hadi adhuhuri. Alijitikisa ndani ya magari nisiyoweza kuyakumbuka, na madalali wakaanza kuja kutazama na kuwekeana dau. Mwishoni akapata moja ya rangi ya maziwa yaliyoingia majani ya chai. Kiti chake cha nyuma kilikuwa kimechakaa sawasawa, shimo kushoto, shimo kulia, na katikati pameinuka kidogo. Akanikalisha upande mmoja, akakaa upande wa pili, tukatazamana. Magoti yetu yalikuwa usawa mmoja.

"Hili," akasema.

Nililiwasha. Lilitoa moshi wa kijivu wenye harufu ya samli iliyoungua. Nikamwambia linakula oili. Akasema sisi sote tunakula. Nikamwambia sauti ile siipendi, akasema nitaizoea. Tukalinunua.

Njiani akanieleza jambo jingine. Kutoka Dar es Salaam lazima gari litangulie nyumba moja. Kwa hiyo alikuwa ameshawaagiza wakeze, kila mmoja apande basi lake, wakutane njiapanda ya Segera. Na kweli tuliwakuta wamekaa kwenye benchi la mama muuza chai, kila mmoja na kanga mpya, wametazama barabara. Walipoliona walisimama pamoja. Mama mdogo alizunguka gari, akafungua milango, akapapasa kiti kama anavyopapasa sweta sokoni.

"Daraja la pili," akasema, "lakini limefuliwa."

"Na huo moshi?" akauliza mama mkubwa.

"Linavuta sigara," nikasema.

"Wewe Mnyamwezi, babu zako walibeba mizigo ya watu hadi pwani kwa miguu. Hili likishindwa, wewe utatubeba." Kuanzia siku ile aliniita mtani.

Mzee akaingia akakaa katikati, pale paliponyanyuka, mke mmoja kulia, mke mmoja kushoto. Nikamwambia akae mbele, kuna nafasi ya kunyoosha miguu. Akasema akikaa mbele, yule aliye nyuma yake atakuwa anatazama kisogo, na yule wa upande wa pili anamwona shavu. Hilo nalo alikuwa amelipima. Basi kiti cha mbele kikabaki kitupu, na kilikaa kitupu miezi yote niliyoendesha gari lile, hata mzee alipokuwa peke yake, hata tulipopita watu wamenyoosha mikono kuomba lifti. Hao aliwaweka kulia na kushoto kwake, na kama ni mmoja, alimwambia akae popote maana yeye si mke.

Nakumbuka zile Ijumaa vizuri kuliko mambo mengi makubwa. Tunatoka Kilole baada ya sala, tunavuka daraja, tunapita mashamba ya mkonge yenye mistari mirefu, halafu nchi inakauka, vichaka vinakuwa vifupi, unaona ng'ombe wa Wamasai wakivuka barabara kwa kujivuta na vijana wenye shuka nyekundu wamesimama kwa mguu mmoja wakilitazama gari letu likitoa moshi. Mzee alizungumza na kisogo changu njia nzima. Alinieleza jinsi ya kumtambua mkulima aliyelowesha pamba yake ili iwe nzito. Alinieleza jinsi mama mkubwa alivyouza bangili zake mwaka wa njaa na jinsi mama mdogo, wakati huo bado bi harusi, alivyopeleka Misima gunia zima la muhogo bila kuombwa. Alikuwa akiwapenda, na aliogopa kulisema kwa mmoja bila mwingine kuwepo, kwa hiyo aliniambia mimi.

Na kila safari, kabla ya kufika, iwe Misima au Kilole, aliniomba nisimame. Nilimshusha nyuma ya kichaka au kando ya ukuta. Alishika mlango, akasimama, akauma meno, akanyoosha mguu mmoja, kisha mwingine, hadi aliweza kusimama wima kwa fimbo moja. Fimbo ya pili aliiacha ndani ya gari. Nilimfuta vumbi kwa kitambaa. Ndipo tukaingia, naye akashuka mlangoni kwa mkewe kama mtu aliyetoka hapo jirani.

Gari lilizima Ijumaa moja baada ya masika, tukitoka Kilole. Tulikuwa tumeshapita Sindeni. Sindano ya joto ilipanda, nikasikia mlio kama wa sufuria inayofurika, mvuke ukafunika kioo, na injini ikanyamaza. Nilifungua boneti nikajua ni gasketi, jambo lisilotengenezeka kwa spana mbili na dumu la maji. Ilikuwa sauti ile ile niliyoisikia kule yadini. Sikumkumbusha. Mzee naye alijua kwamba sikumkumbusha.

"Misima ni mbali?" akauliza, mtu aliyezaliwa pale.

"Kwa miguu yangu si mbali, mzee."

Akashuka. Akachukua fimbo zote mbili, akaanza kutembea. Nilimwacha kwa sababu sikujua namna ya kumzuia. Alifika kwenye kichuguu kilichokuwa kando ya barabara, akasimama, akaegemea. Jua lilikuwa bado juu. Nilipomfikia alikuwa akitazama barabara inayokwenda Misima.

"Ni siku yake," akasema. "Amekwishapika."

Lori la mkaa lilipita, limejaa hadi juu ya kabini, utingo akionyesha kwa mkono kwamba nafasi ni kileleni. Tukaliacha lipite, nikamrudisha mzee garini. Kisha akaja mtu wa Misima kwa baiskeli, anamfahamu mzee, akasimama akatupa pole.

"Mwambie mama," mzee akasema, "gari limezima. Mwambie mume wake yuko njiani, asifunge mlango."

Kabla ya magharibi baiskeli ile ilirudi. Nyuma kwenye keria alikuwa amekaa mama mkubwa, beseni kichwani limefungwa kwa kanga, birika mkononi. Alishuka, akajikung'uta, akalizunguka gari.

"Umekuja kufanya nini?" mzee akamuuliza kupitia dirishani.

"Nimekuja kuchukua zamu yangu. Imeandikwa wapi kwamba lazima iwe na bati juu?" Akafungua mlango wa kulia, upande wake wa siku zote, akaingiza beseni, akaingia mwenyewe. Harufu ya kisamvu cha nazi ikanifikia. Akanipakulia sehemu yangu kwenye mfuniko, akanipa kupitia dirishani. "Ukishakula, mtani, nenda Sindeni katafute fundi. Na nisikuone hapa kabla jua halijachomoza."

Mzee alivuta kofia hadi machoni.

Nililala Sindeni kwenye baraza ya msikiti. Asubuhi nilirudi na mwenye trekta aliyekubali kutuvuta. Niliwakuta milango yote miwili iko wazi. Mzee amekaa pembeni ya kiti, miguu nje, na mama mkubwa amepiga magoti kwenye vumbi, akimwagia maji ya birika magotini na kuikanda miguu ile kuanzia nyayo kwenda juu. Ilikuwa imevimba hadi ngozi inang'aa. Alikuwa hajaiona hivyo. Kwake mzee alikuwa akifika amesimama.

"Huwa anashuka hivi kila wiki?" akaniuliza bila kugeuka.

Nilimtazama mzee. Mzee alinitazama.

"Muulize mwenyewe, mama."

"Nimekuuliza wewe. Wewe usiye na shangazi hapa."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Kila wiki."

Aliendelea kukanda. Mwenye trekta akazima injini yake, akangoja.

Tulipata gasketi Korogwe, gari likapona kidogo, na zamu zikaendelea. Lakini mahindi yalipovunwa mama mkubwa alifunga safari ya Kilole peke yake kwa basi, akakaa na mwenzake kutwa, na aliporudi akamwambia mzee kwamba anahama. Anahamia mjini, nyumba moja na mke mwenzake.

"Wewe si ulisema hutoki Misima mpaka utolewe kwa jeneza?" mzee akamuuliza.

"Nilisema. Mdomo ni wangu."

"Na shamba?"

"Mdogo wangu atalima. Ng'ombe wanakaa kwa Mmasai tangu zamani, hawatajua kama nimehama."

"Na watoto?" Alisema hivyo kwa sauti ndogo. Nyuma ya michungwa kulikuwa na makaburi mawili mafupi, ya watoto waliofariki wachanga, ambayo mama mkubwa aliyafagia kila asubuhi ya Ijumaa ya zamu yake, kabla mzee hajafika.

Mama mkubwa aligeukia michungwa. "Hao wamekwishakua," akasema. "Watanielewa."

Nilimhamisha kwa gari lile lile. Magodoro juu, masufuria ndani, na safari ile tu kiti cha mbele kilipata mtu: kinu chake, alichokataa kukiweka juu. Alipita nyuma ya michungwa peke yake na ufagio, na hatukumharakisha. Kule Kilole mama mdogo alikuwa ametoka katika chumba chake kikubwa cha mbele, akahamia cha uani, ili mkubwa apate dirisha la barabarani. Mzee alisimama mlangoni akatazama chumba kimoja, akaenda uani akatazama kingine, akarudi.

"Havilingani," akasema. "Hiki ni kikubwa. Tutafute fundi avunje ukuta."

"Mume wetu," mama mdogo akamwambia, akiwa amebeba upande mmoja wa kitanda na mwenzake upande wa pili, "hili halikuhusu. Tupishe."

Naye akapisha. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu awe mume wa wawili kuambiwa kwamba kuna kitu hahitaji kukipima.

Gari halikuwa na safari tena. Lilikaa uani wiki chache, likatagiwa mayai kama mama mkubwa alivyotabiri, kisha akalinunua mwalimu mmoja aliyeipenda bei na kuuvumilia moshi. Mzee aliniambia nikae, nimekuwa mtoto wa nyumba, kazi haitakosekana mjini. Wake zake walisema hivyo hivyo, kila mmoja kwa wakati wake. Nilikaa kidogo. Nilijua nikikaa zaidi nitakuwa na ndugu pale.

Siku niliyoondoka ilikuwa Ijumaa. Basi la Arusha lilikuwa likipita alasiri. Nilikuwa nimeshaaga, begi liko mlangoni, nilipomwona mzee akitoka chumba cha mbele, mto umebanwa kwapani, fimbo moja mkononi. Zamu ilikuwa imegeuka. Alianza kuvuka ua kuelekea chumba cha nyuma. Alipita kamba ya nguo, akainamisha kichwa. Alisimama penye jiwe la kufulia, akapumua. Nilimwendea nikamshika kiwiko.

"Niache," akasema. "Hii naiweza."

Nikamwacha. Mama mkubwa alikuwa jikoni akipepeta mchele, akijifanya hatazami. Mzee akaendelea, kidogo kidogo, na alipofika hakubisha hodi kwa fimbo. Alisimama tu, akanyoosha kola ya kanzu. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani, mkono ukapokea mto.

Nikachukua begi langu, nikaenda kituoni.